Mwandishi Mmoja, Jina Moja: Mwongozo Kamili wa Kusafisha Majina katika Katalogi ya Maktaba

Katika maktaba za Lubumbashi, kinachowasumbua wasomaji zaidi si namba za Dewey za kupanga vitabu wala lebo zilizobanduka. Ni majina ya waandishi. Mwanafunzi anatafuta kazi zote za V. Y. Mudimbe, anapata vitabu vitatu. Vingine vimeingizwa chini ya Mudimbe Vumbi Yoka, vingine chini ya Valentin-Yves Mudimbe, na kimoja kiko kwenye herufi Y kwa sababu aliyekiingiza alidhani neno la mwisho ndilo la kuanzia. Vitabu vipo rafuni, lakini katalogi inavikana.

Wenzetu wengi wamejaribu kurekebisha kwa kufungua rekodi moja moja na kuandika jina upya. Baada ya muda majina matatu yanakuwa matano. Ni lazima ishindikane, maana jina linaandikwa kwa mkono ndani ya rekodi ya kitabu, wakati lilipaswa kuunganishwa na rekodi ya jina lenyewe, ile tunayoiita notisi ya otorite. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayejua tayari kuingiza kitabu katika PMB au Koha (programu za kuendesha maktaba) kwa UNIMARC (muundo wa kuandika rekodi kwa zoni zenye namba), na sasa anataka majina yakae sawa moja kwa moja.

## Andaa haya kwanza

- Akaunti yenye haki za msimamizi katika PMB au Koha.
- Diski ya nje ya kuwekea nakala ya akiba.
- OpenRefine (ya kusafisha orodha za data) na LibreOffice Calc (ya majedwali). Zote ni za bure, na zikishapakuliwa hazihitaji intaneti.
- Intaneti ya saa chache tu, ya kuangalia VIAF na IdRef (orodha za majina za mtandaoni) na katalogi ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Kama mega ni chache, kusanya kwanza majina yenye shaka, kisha yaulizie yote kwa mkupuo mmoja.
- Vitabu vyenyewe mezani. Rekodi peke yake haitoshi, kwa kuwa ndiyo inayoshukiwa.
- Onduleri (kifaa kinachoshikilia umeme kwa muda). Umeme ukikatika katikati ya kuunganisha rekodi mbili, hutajua ipi imebaki na ipi imekwenda.
- Daftari la maamuzi, la karatasi au la kompyuta, ambalo kila mfanyakazi anaweza kulifungua.
- Watu wawili: mmoja anapendekeza, mwingine anakagua.

## Zoni mbili zenye kazi mbili tofauti

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa hiyo tulia nami kidogo.

Zoni 200, sehemu ndogo $f, inanakili kile kitabu kinachosema. Kama ukurasa wa jina umeandika "par le Prof. Abbé P. Kasongo-Ngoy", unaandika hivyo hivyo. Usisahihishe wala usipange upya. Zoni hii ni ushahidi: msomaji aliyeshika kitabu mkononi lazima akitambue.

Zoni 700, 701 na 702 hazinakili chochote. Zinabeba uamuzi wa maktaba: mtu huyu, popote anapotokea, kwetu anaitwa hivi. Jina la hapo halichapwi kwa kibodi, linachaguliwa kutoka orodha ya majina. Katika Koha utajua limeunganishwa ukiona namba ndani ya $9. Katika PMB, jina linachaguliwa kwenye orodha ya watunzi inayofunguka ukianza kuandika.

Anayesafisha zoni 200 anaharibu ushahidi, na anayenakili ukurasa wa jina ndani ya zoni 700 anazaa mwandishi mpya kila siku.

## Hatua ya 1: Hifadhi nakala, kisha ijaribu

Katika PMB nenda Administration, kisha Sauvegarde. Katika Koha mwombe anayetunza seva atoe nakala ya hifadhidata yote. Iweke kwenye diski ya nje na uandike tarehe.

Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa usiitegemee. Irudishe kwenye kompyuta nyingine na utafute vitabu vitatu unavyovijua. Ukivipata, endelea. Usipovipata, simama hapo hapo mpaka tatizo hilo limalizike, kwa sababu kuunganisha rekodi za majina hakuna kitufe cha kurudi nyuma.

## Hatua ya 2: Toa majina yote na uyapange katika makundi

Toa orodha ya majina yote ya waandishi katika faili la CSV: safu moja ya jina, moja ya namba ya rekodi, moja ya idadi ya vitabu. Ifungue katika OpenRefine, kwenye safu ya jina chagua kuhariri seli kwa makundi, na uanze na njia inayoitwa fingerprint.

Njia hiyo inafaa sana kwa majina yetu, na inafaa kujua kwa nini. Inaondoa alama na herufi kubwa, inavua herufi lafudhi zake, kisha inapanga maneno ya jina kwa alfabeti kabla ya kulinganisha. Kwa hiyo "KASONGO Ngoy Patrick", "Patrick Kasongo Ngoy" na "Kasongo Ngoy, Patrick" yanakuwa kitu kimoja mbele yake, hata mpangilio ukivurugwa namna gani.

Haitakamata tofauti za tahajia: Ngoy na Ngoie, Mwamba na Muamba. Kwa hizo tumia njia ya pili ya programu hiyo, inayopima umbali kati ya maneno. Itakuletea makundi mengi ya uongo, usishangae. Na hakuna njia yoyote itakayojua kwamba "Kasongo P." ni Patrick. Hiyo ni kazi yako.

Onyo: OpenRefine itakupa kitufe cha kubadilisha majina yote mara moja. Usikibonyeze. Hapa tunatafuta washukiwa tu, hukumu bado. Hifadhi makundi katika Calc, ongeza safu mbili, "uamuzi" na "ushahidi", na uanze na waandishi wenye vitabu vingi zaidi, maana hao ndio wanaotafutwa kila siku.

## Hatua ya 3: Hakikisha ni mtu mmoja kweli

Kufanana kwa jina si ushahidi. Katanga ina akina Ilunga, Kasongo, Kabamba, Mwamba na Ngoy wa kujaza vyuo vizima, na wengi wao wameandika memwari (kazi ya kumaliza masomo ya chuo). Fungua kitabu. Soma jalada la nyuma, dibaji, ukurasa wa shukrani, na kwa memwari na tasnifu soma kitivo na jina la mwalimu aliyeisimamia.

Kanuni ninayoitetea ni hii: ushahidi wa aina mbili unaokubaliana, na hakuna hata mmoja unaopinga. Mwaka wa kuzaliwa na fani. Au chuo na mada. Jina pamoja na mji havitoshi.

Kuna mtego wa historia unaowanasa hata wakutubi wazoefu. Mwaka 1972 Zaire ilipiga marufuku majina ya Kikristo, na hali ililegea baada ya 1990. Mwandishi mmoja anaweza basi kuonekana na prenomu (jina la Kikristo) katika makala ya 1969, na jina pamoja na postinomu (jina la asili linalofuata jina) tu katika kitabu cha 1978, kisha prenomu ikarudi mwaka 1994. Ukiona pengo la namna hiyo, usikimbilie kusema ni watu wawili. Linganisha fani na wachapishaji kwanza.

VIAF inakusanya majina kutoka maktaba nyingi za taifa kwa kompyuta, kwa hiyo wakati mwingine inachanganya watu wawili au inamgawa mmoja. Itumie kama dalili. IdRef ni nzuri kwa waliotetea tasnifu Ufaransa. Lakini waandishi wetu wengi hawapo popote mtandaoni. Hapo rekodi utakayoiandika wewe ndiyo itakuwa ya kwanza, na wengine watakuja kuinakili. Iandike ukijua hivyo.

Ukibaki na shaka, waache kama watu wawili. Waliotenganishwa kimakosa wataunganishwa kwa dakika moja siku ushahidi ukipatikana. Waliounganishwa kimakosa watakulazimisha kushika kila kitabu upya.

Ishara ya kufaulu: kila kundi katika Calc lina neno moja katika safu ya uamuzi (mmoja, tofauti, subiri), na safu ya ushahidi haiko wazi.

## Hatua ya 4: Chagua jina teule

Sasa umejua ni mtu mmoja. Aitwe nani? Kanuni za kimataifa za IFLA, shirikisho la maktaba duniani, zinasema tufuate umbo la jina linaloonekana zaidi kwenye kazi zake. Kwa hali yetu hiyo inazaa maamuzi kadhaa.

Jina na postinomu hukaa pamoja. Postinomu si prenomu, wala si jina la katikati. Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1981, anaanzia herufi M ya Mwanza: $a Mwanza Mujila $b Fiston (katika rekodi ya jina, $a ni jina la kuanzia na $b ni prenomu). Ukimweka chini ya Mujila umemkata jina, na msomaji wa hapa hatamtafuta huko. Mujila inabaki kama jina elekezi, yaani linalompeleka msomaji kwenye jina teule.

Anayejulikana kwa umbo fupi abaki nalo. Kwa Mudimbe, vitabu vingi vina V. Y. Mudimbe. Basi $a Mudimbe $b V. Y. $f 1941-2025 (hapa $f ni miaka yake), na maumbo mengine yote yaelekeze hapo. Maktaba nyingine zimechagua Valentin-Yves, na hilo linateteeka. La muhimu ni kuchagua moja, kuliandika daftarini, na kutolibadilisha kila akija mfanyakazi mpya.

Neno "wa" halikati jina. Ngũgĩ wa Thiong'o anaandikwa mzima katika $a, kuanzia Ngũgĩ, na kiashiria cha pili (alama ya pili baada ya namba ya zoni) kinakuwa 0, kuonyesha kwamba jina liko katika mpangilio wake wa kawaida. Mobutu Sese Seko vilevile. Kwa hiyo akija Kasongo wa Ngoy, anaanzia Kasongo.

Usimsahihishe mtu tahajia ya jina lake. Kama yeye anaandika Ngoie, ni Ngoie, hata kama ndugu yake ni Ngoy. Akibadilisha mwenyewe, fuata ile inayotawala katika kazi zake.

Vyeo vinatoka. Prof., Abbé, Mgr, Maître, Ir.: vyote vibaki katika zoni 200 $f ya kitabu. Katika jina teule weka kazi au cheo ndani ya $c pale tu unapohitaji kutenganisha watu wawili wenye jina moja na huna mwaka wa kuzaliwa.

## Hatua ya 5: Andika rekodi ya jina

Huu ni mfano wa mtu wa kubuni. Alama ya # ni nafasi tupu. Zoni 200 hapa ni ya rekodi ya jina, si ile 200 ya kitabu.

200 #1 $a Kasongo Ngoy $b Patrick $f 1968-
400 #1 $a Ngoy $b Patrick Kasongo
400 #1 $a Kasongo $b Patrick
400 #1 $a Kasongo-Ngoy $b P.
101 ## $a fre $a swa
102 ## $a CD
340 ## $a Mwalimu wa historia, Lubumbashi
810 ## $a Jina la kitabu, mwaka, ukurasa ulikopata habari

Zoni 400 ndizo zinazomsaidia msomaji. Weka kila umbo ulilolikuta kwenye vitabu, na lile ambalo mtu wa kawaida angeliandika akikosea mpangilio. Katika PMB umbo elekezi ni rekodi fupi inayojitegemea, inayoelekezwa kwenye jina teule.

Angalia jambo moja kabla ya kuhifadhi: je, kuna mtu mwingine ambaye jina lake teule ni "Kasongo, Patrick"? Kama yupo, usiliweke katika 400, kwa sababu utamfanya msomaji wa yule mwingine apelekwe kwa huyu. Eleza tofauti yao katika zoni 300 ya kila rekodi.

Msimbo wa nchi ni CD. CG ni Congo ya Brazzaville, na ZR ni msimbo wa zamani wa Zaire. Nimeona katalogi ambamo nusu ya waandishi wa Katanga ni raia wa Brazzaville kwa ajili ya herufi hiyo moja. Lugha nazo zinachanganywa: swa ni Kiswahili, lub ni Kiluba cha Katanga, lua ni Tshiluba cha Kasai.

Zoni 810 wengi huiruka. Usiiruke. Baada ya miaka mitano mtu atauliza kwa nini uliandika 1968, na wewe huenda ukawa umehamia Kolwezi.

## Hatua ya 6: Unganisha rekodi

Hapa mwelekeo ndio kila kitu. Katika PMB, fungua rekodi *mbaya*, bonyeza Remplacer, kisha chagua rekodi nzuri. Ile uliyoifungua inafutwa. Ukianzia kwenye nzuri, umefuta kazi yako ya hatua ya 5. Kwa hiyo andika namba zote mbili kwenye karatasi kabla ya kubonyeza, na mwenzako azisome kwa sauti.

Katika Koha, tafuta majina hayo katika moduli ya majina, chagua mawili, bonyeza Fusionner, na uteue lipi ni la kubaki. Kisha kagua zoni moja moja ili zile 400 zisipotee.

Koha ina kikomo: kwa kawaida, jina likiwa na rekodi za vitabu zaidi ya 50, kazi ya kuzibadilisha haifanyiki papo hapo. Inangojea programu inayojiendesha kwa ratiba, mara nyingi usiku. Katika maktaba ambapo seva inazimwa jioni kila mtu akienda nyumbani, programu hiyo haiendi kamwe, na watu wanalalamika kwamba muungano haufanyi kazi. Ama panga ratiba hiyo iwe mchana, ama mwombe msimamizi aiendeshe mwenyewe.

Unganisha majina machache kwa kikao kimoja, kisha simama na ujaribu. Ishara ya kufaulu: tafuta umbo lolote, hata lile baya, na lazima upelekwe kwenye orodha ile ile, yenye idadi ile ile ya vitabu. Idadi hiyo ilingane na jumla uliyokuwa nayo katika Calc. Ikipungua hata kimoja, kitafute kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 7: Taasisi zilizobadili jina

Kanuni hapa ni kinyume na ile ya watu. Mtu akibadili jina, tunamweka chini ya moja. Taasisi ikibadili jina, kila jina linapata rekodi yake, na rekodi hizo zinaoneshana.

Chukua chuo chetu kikuu. Memwari ya 1975 haikutolewa na Université de Lubumbashi, kwa sababu kwa jina hilo chuo kimekuwepo tangu 1981 tu. Kati ya 1971 na 1981 kilikuwa kampasi ya chuo kikuu cha taifa, UNAZA. Kabla ya hapo kilikuwa Université officielle du Congo. Kwa hiyo:

210 02 $a Université nationale du Zaïre $b Campus de Lubumbashi
510 02 $5a $a Université officielle du Congo
510 02 $5b $a Université de Lubumbashi

Katika $5, a ni jina lililotangulia na b ni lililofuata. Vifupisho kama UNAZA na UNILU (Université de Lubumbashi) vinaingia katika zoni 410, ya maumbo elekezi.

Kwa nini taabu hii? Mtafiti wa historia ya chuo anataka kujua nini kilitolewa katika enzi ipi. Ukivitupa vyote chini ya UNILU umemfutia miaka kumi ya UNAZA. Fanya vivyo hivyo kwa kampuni ya madini, Union minière du Haut-Katanga, Gécomin na Gécamines. Ni majina matatu na rekodi tatu, zenye viungo katikati.

## Hatua ya 8: Miji na majimbo

Hii ni fupi. Mahali pa uchapishaji unapanakili kama palivyo kwenye kitabu: kitabu cha 1950 kilichapishwa Élisabethville (jina la zamani la Lubumbashi), na kitabaki hivyo katika zoni ya uchapishaji. Mahali kama *mada* ndipo unapopadhibiti: rekodi moja chini ya Lubumbashi, na Élisabethville iwe katika zoni 415.

Katanga inahitaji uangalifu zaidi. Iliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997, na mwaka 2015 iligawanywa kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Shaba inaelekeza kwenye Katanga. Lakini kitabu kuhusu Katanga nzima ya 1960 usikihamishie Haut-Katanga, kwa sababu kingepoteza robo tatu ya mada yake. Tumia majina mapya manne kwa yale yaliyoandikwa kuhusu majimbo hayo yenyewe.

## Hatua ya 9: Ziba tundu

Katalogi iliyosafishwa itachafuka tena kama mlango umeachwa wazi. Katika Koha, zima mpangilio unaoruhusu mfumo kuunda rekodi ya jina wenyewe kila jina lisilojulikana linapochapwa. Mpangilio huo unaokoa dakika na kuzaa pacha kila siku. Haki ya kuunda jina jipya wapewe watu wawili au watatu. Wengine wakikosa jina kwenye orodha, wanaandika katika daftari na kuendelea na kitabu kingine.

Kwa TFC (kazi ya kumaliza mzunguko wa kwanza wa chuo), memwari na tasnifu, tengeneza karatasi ya nusu ukurasa ambayo mwanafunzi anaijaza siku ya kuweka kazi yake: jina, postinomu, prenomu, kila kimoja katika kisanduku chake, mwaka wa kuzaliwa, namna anavyotaka jina lake lionekane. Hapo hatua ya 3 na ya 4 zinafanywa na mwenye jina mwenyewe, mbele yako. Omba mwaka tu. Tarehe kamili, namba ya simu na namba ya usajili haviingii katika rekodi ambayo kila mtu anaisoma mtandaoni.

Kila Ijumaa, mkaguzi atoe orodha ya majina yaliyoundwa wiki hiyo, ayapitishe kwenye OpenRefine pamoja na ya zamani, na kuweka saini mbele ya kila moja. Jina lisilo na zoni 810 analirudisha kwa aliyeliunda.